Vitamini haziondoi sumukuvu

Mfugaji wa Soweto, jijini Mbeya, akiona kuku wamezubaa na mayai yamepungua, hukimbilia duka la pembejeo kununua vitamini za kuchanganya na maji. Huenda tatizo limo ndani ya gunia la pumba: sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka.

Sumukuvu hushambulia ini. Ini likidhoofika nyongo hupungua, mafuta hayasagwi vizuri, na vitamini A, D, E na K, ambazo hufyonzwa pamoja na mafuta, hutoka na kinyesi. Kuku hupungukiwa hata akilishwa vya kutosha. Kumwongezea E husaidia kukinga seli za ini. K husaidia damu kuganda. Sumu yenyewe haiondoki.

Mwaka 1960 Uingereza ilipoteza batamzinga zaidi ya 100,000 kwa mashudu ya karanga yenye sumu hiyo. Hapa kwetu, mwaka 2016, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara.

Bado mahindi yanayokataliwa jikoni hupelekwa bandani, kana kwamba mayai hayarudi mezani! Mfugaji, kausha mahindi vizuri, yapange juu ya chaga, na yaliyoota ukungu yatupe kabla hujanunua pakiti nyingine ya vitamini.