Mbwa wa Langoni

Somo: Kutoka 21:28-32

Nasema nanyi kutoka Nanyuki, hapa chini ya Mlima Kenya.

Neno letu la leo latoka katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, tangu mstari wa 28 hata wa 32. Si neno linalosomwa mara nyingi kanisani. Wengi wetu tukimaliza Amri Kumi katika sura ya 20 twafunga kitabu, kana kwamba Mungu amemaliza kusema. Lakini bado anasema. Baada ya kunena juu ya kuabudu, juu ya baba na mama, juu ya kuua na kuiba, anaingia mpaka zizini, na kunena juu ya ng'ombe mkali.

Sheria yenyewe ni hii. Ng'ombe akimpiga mtu pembe hata akafa, ng'ombe atauawa, wala nyama yake isiliwe, lakini mwenyewe hana hatia. Hakujua. Lakini ikiwa ng'ombe yule alikuwa na tabia ya kupiga watu pembe tangu zamani, na mwenyewe ameonywa, naye hakumfunga, basi jambo limegeuka. Damu ya mtu yule iko juu ya mwenye ng'ombe, na asipotozwa fidia ya kuukomboa uhai wake, atakufa yeye pia.

Mataifa mengine ya zamani yalikuwa na sheria iliyofanana na hii. Hammurabi, mfalme wa Babeli, aliandikisha sheria zake juu ya jiwe, nalo lilichimbuliwa mwaka wa 1901. Jiwe hilo nalo lasema habari za ng'ombe ajulikanaye kuwa mkali, ambaye mwenyewe ameambiwa asimfunge. Lakini huko adhabu ilikuwa fedha tu: mtu alilipa akaenda zake. Katika Torati uhai wa mtu ni kitu kizito zaidi. Mungu hamwulizi mwenye ng'ombe, "Je, ulikusudia?" Anamwuliza, "Je, ulijua?"

Ndugu zangu, shikeni swali hilo, maana sasa natoka zizini nije langoni kwetu.

Hapa Nanyuki na vijiji vya kando yake, nyumba nyingi zina ua, na ndani ya ua mna mbwa. Sisemi ni vibaya. Mwenye ng'ombe watatu wa maziwa, au mama mjane akaaye peke yake na watoto, anayo haki ya kulala usingizi. Mbwa ni mlinzi mwaminifu, na katika baridi ya usiku wetu yuko macho nje sisi tukiwa chini ya blanketi.

Lakini fikirini ni nani abishaye langoni siku hizi. Si mwizi, maana mwizi habishi hodi. Ni kijana wa maziwa na mitungi yake alfajiri. Ni mwenye punda aletaye maji mfereji ukikauka. Ni mwenye mkokoteni wa makaa. Ni kijana wa pikipiki aletaye mtungi wa gesi, au unga na sukari kutoka dukani. Na huyu hakuja kwa shauri lake. Ulimpigia simu wewe. Ulimwambia, "Lete haraka, moto umezimika na chakula kiko jikoni." Naye akaja haraka. Akasimama langoni akaita, "Hodi! Mama Wambui, mbwa amefungwa?" Na sauti ikajibu kutoka ndani, "Ingia tu, baba, hana neno!"

Akaingia na mtungi begani. Hawezi kukimbia, hawezi kuinama kuokota jiwe. Mbwa akatoka nyuma ya nyumba akamshika mguu.

Basi hapo ndipo tunapojulikana tu Wakristo wa namna gani. Mara nyingi linalotoka kwanza kinywani ni maneno ya kujitetea. "Mbona aliingia kwa vishindo? Simba hajapata kumwuma mtu wa hapa nyumbani. Na kibao si kiko langoni?"

Ni kweli kibao kiko. Mmekiona nchi nzima: "Mbwa Kali." Kiswahili chake kimevunjika, lakini hakuna asiyekielewa. Sasa nawauliza, kibao kile kinamshuhudia nani? Sisi twadhani kinatuondolea lawama. Lakini ukisoma Kutoka 21 utaona kwamba kinatushitaki. Kibao kile kinasema, "Mwenye nyumba hii alijua." Alijua, akanunua rangi, akaandika, akapigilia msumari. Kitu kimoja tu hakufanya: hakumfunga mbwa siku aliyomwita mtu aje. Hata mahakama zetu, katika shauri la mnyama aliyejeruhi mtu, huuliza sana swali lilo hilo, kama mwenyewe aliijua tabia ya mnyama wake.

Basi tufanye nini jambo likiisha kutokea? Nitasema mambo manne, nayo ni ya kutenda, si ya kusikia tu.

La kwanza ni jeraha. Usianze na lawama, anza na maji na sabuni. Jeraha la meno ya mbwa lioshwe papo hapo, kwa maji yanayotiririka na sabuni, kwa muda wa dakika 15. Usipake mafuta ya gari, wala majivu, wala dawa ya mtu. Kisha mpeleke hospitali siku ile ile, mpeleke wewe, usimwelekeze njia. Atahitaji kukingwa na pepopunda, na atahitaji sindano za kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu, ndugu zangu, dalili zake zikiisha kuonekana, karibu kila mtu hufa. Lakini sindano zikianzwa mapema na kumalizwa, mtu hupona. Mwaka wa 1885, huko Ufaransa, mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa, alipelekwa kwa Louis Pasteur akachomwa sindano zile mpya, akaishi. Na mtoto huyo alipokuwa mtu mzima akawa bawabu wa taasisi ya Pasteur. Yule aliyeumwa ndiye akawa mlinzi wa lango.

Sindano haziishi kwa siku moja. Mgonjwa hurudi tena na tena kwa tarehe anazoandikiwa, na kila safari ina nauli yake. Pengine zahanati ya karibu haina dawa, na itabidi kwenda mbali. Hapo ndipo wengi humwachia mgonjwa mzigo. Walilipa siku ya kwanza, wakaona wametenda wema. Lakini Msamaria Mwema hakulipa usiku mmoja akasahau. Alimwambia mwenye nyumba ya wageni kwamba akirudi atalipa na kilichozidi.

La pili ni siku za kazi alizopoteza. Katika sura hiyo hiyo ya 21, mstari wa 19, Mungu anasema juu ya mtu aliyemjeruhi mwenzake hata akalala kitandani: atamlipa kwa ajili ya wakati aliopoteza, tena atamwuguza hata apone kabisa. Tazameni Mungu alivyo mwangalifu. Anajua kwamba maskini akilala siku tatu, nyumba nzima imelala na njaa. Kijana yule wa gesi pengine pikipiki si yake, na jioni mwenyewe atataka hesabu. Ana mtoto shuleni. Ana kodi ya chumba. Shilingi 500 za kumtumia kwa simu, na neno la chini chini kwamba asiende kwa chifu wala polisi, hizo si fidia. Hizo ni fedha za kumnyamazisha. Kaeni pamoja, mhesabu siku alizokosa kazi, na umlipe.

La tatu ni mbwa mwenyewe. Wengine kwa hasira, au kwa kuogopa shitaka, humwua mbwa saa ile ile na kumzika. Msifanye hivyo. Mbwa aliyeuma yafaa afungwe na kuangaliwa kwa siku 10, na daktari wa mifugo aarifiwe. Akiwa mzima baada ya siku hizo, madaktari watajua kwamba hakuwa na kichaa alipouma. Ukimwua na kumficha, umemnyima yule kijana habari ya maisha yake. Lakini msingoje siku 10 ndipo mumpeleke mtu hospitali. Yeye aende leo, na mbwa aangaliwe nyumbani.

Na kabla ya yote hayo, mbwa achanjwe. Hapa Laikipia kumekuwa na kampeni za kuchanja mbwa vijijini, na wataalamu wasema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa mahali, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Serikali yetu ilitoa mpango mwaka wa 2014 wa kukomesha vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo mwaka wa 2030. Mpango huo hautatimizwa Nairobi peke yake. Utatimizwa langoni kwako na kwangu. Tahadhari kabla ya hatari.

La nne ni kwenda kwake. Nenda mwenyewe, baba wa nyumba au mama wa nyumba. Usimtume mtumishi. Keti katika kiti chake na useme, "Ndugu yangu, nilijua, wala sikumfunga. Unisamehe." Maneno hayo ni machache, lakini ni mazito kuliko mtungi wa gesi.

Nawe uliyeumwa, kama unanisikia, nina neno kwako pia. Usirudi usiku na nyama yenye sumu. Mbwa yule alifanya alivyofundishwa. Msamehe mwenyewe akija, lakini kusamehe hakukukatazi kumaliza sindano zako, wala hakukukatazi kudai haki yako kwa amani mbele ya wazee au mbele ya sheria.

Sasa, wapenzi, nataka turudi katika somo letu, maana kuna mstari mmoja sikuugusa, nao ndio mgumu. Mstari wa 32 wasema kwamba ng'ombe akimwua mtumwa, mwanamume au mwanamke, mwenye ng'ombe atamlipa bwana wa mtumwa shekeli 30 za fedha. Tukiusoma twaona uchungu. Mtu amekufa, na bei yake imeandikwa, tena fedha hazikwenda kwa mama yake, zilikwenda kwa bwana wake. Twasema, mambo hayo yamekwisha. Je, yamekwisha? Akiumwa mtoto wa mwenye shamba, gari latoka mbio usiku ule ule kwenda Nairobi. Akiumwa mleta maziwa, twamwambia ajifunge kitambaa. Bei ya mtumwa bado tunayo mioyoni.

Lakini fungueni Mathayo 26, mstari wa 15. Yuda aliwauliza wakuu wa makuhani watampa nini, nao wakampimia vipande 30 vya fedha. Injili haituambii kwamba waliifikiria sheria ile ya ng'ombe. Lakini aijuaye Torati hawezi kuisoma hesabu ile asishtuke. Bwana wa utukufu aliuzwa kwa bei ya mtumwa aliyepigwa pembe na ng'ombe wa mtu. Alishuka mpaka hapo. Alikwenda akasimama mahali pa yule ambaye wengine humwona kuwa si kitu, akaichukua bei yake iwe bei yake mwenyewe. Basi, tangu siku ile, hakuna mtu abishaye langoni kwetu ambaye ni wa bei ndogo.

Tena kumbukeni Lazaro katika Luka 16. Alilazwa mlangoni pa tajiri, ana vidonda, na mbwa wakaja wakavilamba. Mlango ule ulikuwa wa tajiri, lakini waliomkaribia Lazaro ni mbwa. Isije ikanenwa hivyo juu ya nyumba zetu, kwamba mlangoni petu mbwa ndiye aliyetoka, na mwenyewe hakutoka.

Leo jioni, kabla ya maombi ya nyumbani, tazameni mnyororo wa mbwa kama ni mzima. Tazameni kadi ya chanjo. Na kesho kijana wa maziwa akiita, "Mbwa amefungwa?" tokeni nje mwone kwa macho yenu kabla hamjamjibu.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyewaumba wanadamu na wanyama pia, twakushukuru kwa walinzi uliotupa usiku. Utusamehe tulipojua hatari tukanyamaza. Uwaponye waliojeruhiwa wakitutumikia, uwape mkate wa leo wao na watoto wao. Utupe miguu ya kwenda kwao na vinywa vya kuomba msamaha. Kwa ajili yake yeye aliyehesabiwa bei ya mtumwa ili sisi tuwe wana, Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.