Doa la Damu, Lebo ya Shati

Katika soko la Burma, Shauri Moyo, muuza nyama huvaa koti jeupe, na damu haikosi kulifikia. Wengi hukimbilia maji moto. Hapo ndipo doa linapokataa kutoka, kwa sababu joto huigandisha protini ya damu ndani ya nyuzi. Koti lilowekwe kwanza kwenye maji baridi, lisuguliwe kwa sabuni ya kipande, ndipo lifuliwe kama kawaida.

Je, jiki, dawa ya kung'arisha nguo, inafaa? Jibu liko kwenye lebo iliyoshonwa ukosini. Pembetatu tupu inaruhusu dawa ya kung'arisha. Pembetatu iliyokatwa kwa mistari miwili inayopishana kama X inakataza. Beseni lenye mkono linataka nguo ifuliwe kwa mkono. Nukta moja ndani ya pasi ni moto kidogo, tatu ni mkali. Alama hizi za kiwango cha kimataifa, ISO 3758, zimo hata kwenye mitumba ya Gikomba yenye lebo za Kijerumani.

Jikoni nako, sufuria ya alumini iliyofanya weusi ndani ichemshiwe maji yenye limau. Magadi huzidisha weusi huo.

Gundi ya stika kwenye chupa hulainishwa kwa mafuta ya kupikia.

Tahadhari: jiki isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Wala jiki isimiminwe kwenye chupa ya soda. Ibaki kwenye chombo chake chenye lebo, mahali asipofikia mtoto.