Dulet, matumbo na moto

Msikilizaji wa Gongoni, Waethiopia wana chakula kiitwacho dulet: matumbo, maini na nyama isiyo na mafuta, vyote vikikatwakatwa laini na kuchanganywa na samli yenye viungo, pamoja na mitmita, yaani pilipili kali iliyosagwa kwa iliki, karafuu na chumvi. Kwetu vyote vinapatikana. Chumvi ndiyo kabisa, maana huvunwa papa hapa. Ila wapo wanaokila kibichi au kikiwa kimepashwa tu, na hapo ndipo nisipokubaliana nao. Kwenye mnofu mzima vijidudu vingi hukaa juu, na moto huvifikia. Ukishaukata laini, kisu huvisambaza kote, na matumbo nayo yalikuwa njia ya uchafu. Nyama ya kusaga yataka joto la nyuzi 71 za Selisiasi hadi katikati.

Atasema mtu kwamba pilipili huua vijidudu. Huwasha ulimi, lakini haimwondoi tegu aliyejificha kwenye nyama ya ng'ombe. Mwingine atalalamika kuwa maini yakiiva sana huwa kama soli ya kiatu. Huyu ana hoja, ila kosa ni la mpangilio. Chemsha matumbo peke yake mpaka yalainike, kisha uyakate. Kaanga vitunguu kwa samli, tia nyama, halafu matumbo. Maini yaje mwisho. Yakiwa madogo kama punje za mahindi, huiva kwa dakika chache bila kukauka. Na ini lenye vifuko vya maji usimtupie mbwa, kwani kinyesi chake huweza kuwaambukiza watu minyoo. Lifukie kwenye shimo refu.