Gari Lisilo na Moshi: Lugha ya Fundi na Ubadilishaji wa Magari ya Utalii kuwa ya Umeme Jijini Arusha

1. Utangulizi

Miongoni mwa magari yanayotambulika upesi katika barabara za Arusha ni gari la utalii: Land Cruiser iliyorefushwa, yenye paa la kuinuliwa na madirisha mapana. Gari hilo hutoka kiwandani Japani likiwa na umbo moja, nalo likifika Arusha hupewa umbo jingine. Katika karakana za jiji hili chesisi hukatwa na kurefushwa, bodi mpya huchomelewa, viti hupangwa upya, na springi huongezwa nguvu kwa ajili ya barabara za mbugani. Kwa hiyo gari la utalii la Arusha limezaliwa mara mbili.

Ulaya na Marekani wapo watu wanaonunua vipande na kujiundia nakala ya gari la kale, kwa mfano nakala ya Porsche 356 juu ya chesisi ya Volkswagen. Baadhi yao hung'oa injini ya petroli na kuweka mota ya umeme mahali pake. Aghalabu kwao hiyo ni kazi ya kujifurahisha. Arusha, kazi inayofanana na hiyo ni riziki, na imekwisha kuanza. Mwaka 2018 kampuni ya Mount Kilimanjaro Safari Club iliingiza kazini magari ya utalii yanayoendeshwa kwa umeme. Hanspaul, kampuni ya Arusha inayounda bodi za magari ya utalii, nayo imeshirikiana na Carwatt ya Ufaransa katika ubadilishaji huo. Nairobi, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2017 kwa jina la Opibus, na kuitwa Roam tangu mwaka 2022, ilianza kwa kubadilisha magari ya aina hiyo hiyo.

Mhadhara huu unachunguza kuzaliwa huko kwa mara ya tatu kwa upande wa lugha. Hoja yake ni kwamba Kiswahili cha gereji kinao tayari msamiati wa kutosha kuibeba teknolojia hii. Hata hivyo, yapo maneno machache ya zamani ambayo, yakitumiwa bila uangalifu, yanaweza kumgharimu fundi uhai wake.

2. Kinachotoka na kinachobaki

Injini ya 1HZ, iliyozoeleka sana katika Land Cruiser za Afrika Mashariki, ni ya dizeli, yenye silinda sita na ujazo wa lita 4.2. Inapong'olewa, huondoka pamoja na jamaa zake: nozeli, pampu ya dizeli, rejeta, ekzosi na tangi la mafuta. Hubaki difu, ekseli, propela, usukani, breki na shokapu. Giaboksi huweza kubaki au kutoka, kulingana na mpango wa mbadilishaji. Mahali palipoachwa wazi huingia mota, inveta, chaja na betri kubwa.

Orodha hii inaonyesha jambo la kutia moyo. Karibu kila kifaa kinachoingia kina jina ambalo Mtanzania wa kawaida amekwisha kulisikia. Inveta na chaja vimeenea pamoja na umeme wa sola, hata katika vijiji ambavyo nguzo za gridi zilichelewa kufika. Mota inajulikana kutokana na mashine za kusaga na pampu za maji. Fundi hahitaji kusubiri kamusi ndipo azungumze.

Mandhari ya Arusha nayo inaipa kazi hii maana ya pekee. Jiji lipo katika kimo cha takriban mita 1,400, barabara zake hupanda miteremko ya Mlima Meru, na ukingo wa Ngorongoro unapita mita 2,200. Katika vimo hivyo hewa ni nyepesi, na injini ya dizeli isiyo na taboo hupungukiwa nguvu. Mota haivuti hewa ya kuunguza, hivyo haipungukiwi. Na gari linaposhuka, mota hugeuka jenereta: hulizuia gari lisikimbie na papo hapo huirudishia betri sehemu ya umeme. Dereva aliyezoea kushuka kwa gia nzito anauelewa mwenendo huo mara moja; tofauti ni kwamba mteremko sasa unamlipa.

3. Maneno yanayodumu kuliko mashine

Huenda wapo wanaohofia kwamba mashine ikibadilika, maneno yake yatakosa maana. Historia ya Kiswahili haiungi mkono hofu hiyo. Neno garimoshi lilitokana na treni za mvuke, likaendelea kutumika katika zama za injini za dizeli. Mwaka 2024 Tanzania ilianza kusafirisha abiria kwa treni ya umeme katika reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kisha Dodoma, na mtu akiiita treni hiyo garimoshi bado anaeleweka. Nchini Kenya, umeme wa majumbani huitwa stima, neno lenye asili ya mvuke. Mvuke umetoweka, jina limebaki na kupata kazi mpya.

Vivyo hivyo, dereva wa gari la umeme ataendelea kuambiwa "kanyaga mafuta", ingawa hakuna mafuta chini ya unyayo wake. Hakuna madhara yoyote, kwa kuwa maana iliyokusudiwa ni kuongeza mwendo, na mwendo utaongezeka. Usahihi wa asili ya neno si kipimo cha ubora wake. Kipimo ni kama msikilizaji atatenda kile msemaji alichokusudia.

4. Maneno yanayoficha hatari

Kwa kipimo hicho hicho, maneno mawili yanahitaji kutazamwa kwa makini.

La kwanza ni kuzima. Fundi wa dizeli hujua kwa sikio na kwa kiganja kwamba gari limezimwa: mlio umekoma na boneti haitetemeki. Gari la umeme lililo tayari kuondoka na lile lililozimwa huwa kimya sawasawa. Zaidi ya hayo, hata ufunguo ukiwa umetolewa, umeme ungali ndani ya betri, na kapasita za inveta huweza kubaki na chaji kwa dakika kadhaa. Betri hiyo huweza kufika volti 300 na zaidi za mkondo mnyoofu, ilhali umeme wa nyumbani ni volti 230. Msaidizi akiuliza, "Umezima?" na fundi akajibu, "Nimezima," wote wawili wamesema kweli, na bado mkono unaweza kuingia mahali pa mauti. Kiswahili husema mtu amenaswa na umeme, na kitenzi hicho kina ukweli wa kutisha: misuli hukaza, na aliyeshika waya hawezi kuuachia.

Dawa ipo ndani ya lugha yenyewe. Zima kwa ufunguo. Kata kwa kuitenganisha betri. Funga ili mwingine asiunganishe. Ngoja kapasita zishuke. Pima kabla ya kugusa. Hivyo ni vitenzi vitano anavyovijua kila mtoto. Vikikaririwa kwa utaratibu huo, vinakuwa istilahi ya usalama isiyohitaji tafsiri.

La pili ni betri. Katika gari lililobadilishwa neno hili huwa na vitu vitatu: betri ndogo ya volti 12 inayowasha taa, betri kubwa inayoendesha mota, na kila chembe moja kati ya nyingi zinazoiunda ile kubwa. Agizo la "fungua betri" halina hatari kwa ile ndogo, lakini kwa ile kubwa ni jambo jingine kabisa. Inafaa neno seli litumike kwa chembe, na tofauti ya betri ndogo na betri kubwa isiachwe kamwe katika mazungumzo ya kazi. Nyaya za umeme mkubwa huvalishwa rangi ya machungwa. Lugha nayo inapaswa kuvalishwa alama yake.

5. Kipimo kilicho mkononi

Ugumu mwingine ni wa kipimo. Dereva amezoea kuhesabu lita. Vitabu vya watengenezaji humwambia kilowati-saa, neno linalowatisha wengi. Hata hivyo, kila mnunuzi wa umeme wa LUKU huihesabu kilowati-saa bila kujua: ndiyo yuniti. Lita moja ya dizeli ina nishati ya takriban yuniti 10; tangi la lita 90 ni kama yuniti 900. Sehemu kubwa ya nishati hiyo hupotea kama joto, wakati mota hupoteza kidogo tu. Ndiyo maana betri ya yuniti 60 au 80 inaweza kumaliza mzunguko wa siku mbugani, mradi dereva ajue zimebaki ngapi. Kuishiwa na umeme karibu na simba si jambo la istilahi tu.

6. Hitimisho

Magari mengi ya Tanzania hutengenezwa katika zile ziitwazo gereji bubu. Jina hilo linapotosha, kwa maana gereji hizo si bubu hata kidogo: ufundi wote hupita mdomoni, kutoka kwa fundi hadi kwa kijana wake, kwa Kiswahili. Mwongozo wa gari la umeme huja kwa lugha ya kigeni, na masomo ya vyuo vya ufundi huegemea Kiingereza. Maarifa haya yakibaki huko, fundi wa mtaani atakuwa na moja kati ya mambo mawili: kukosa kazi, au kuifanya kwa kubahatisha.

BAKITA, iliyoundwa mwaka 1967, na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zina uzoefu wa muda mrefu wa kusanifisha istilahi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 ni ushahidi. Safari hii kazi ianzie karakanani, pamoja na walimu wa Chuo cha Ufundi Arusha na mafundi wenyewe. Na kabla ya kitabu kikubwa, litoke bango moja la kubandikwa ukutani, lenye vitenzi vitano: zima, kata, funga, ngoja, pima.