MAKADIRIO YA KIVULI CHA TURUBAI MBELE YA GHALA

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kigoma



Tangu reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, mji huu umekuwa mahali pa kubadilishia mizigo. Kahawa ya milima ya Kalinzi na maharage ya Kasulu huteremka kwa lori. Dagaa na mawese hupanda kutoka Kibirizi na Ujiji. Kutoka hapo mzigo huenda mashariki kuelekea Tabora na Dar es Salaam, au huvuka ziwa kwenda Bujumbura, Uvira na Kalemie. Kila mzigo unapobadilisha chombo, hubebwa mabegani mwa wapagazi.

Ghala lina bati, na lori lina turubai lake. Aghalabu gunia halilowi ghalani wala safarini, bali hulowa katika zile hatua kumi zilizo baina ya mlango wa ghala na bodi ya lori. Mvua za Kigoma huanza kiasi cha mwezi Oktoba na kuendelea mpaka Aprili au Mei, na maharage ya mavuno ya kwanza huingia ghalani mvua zikiwa bado zinanyesha. Chama hakiwezi kumwambia mwenye lori asubiri miezi saba.

Hasara ya gunia lililolowa haionekani siku hiyo. Kahawa iliyokaushwa hadi unyevu wa kiasi cha asilimia 12 hunyonya maji tena, hubadilika rangi na kushuka daraja. Dagaa huota ukungu. Mahindi yenye unyevu huweza kuzaa sumukuvu, sumu ambayo mwaka 2016 iliwaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Tena gunia moja bichi likipangwa katikati ya makavu huyaharibu majirani zake.

Kwa hiyo vyama vingi hutamani kivuli cha turubai mbele ya mlango wa ghala. Jambo hilo ni jema. Lakini ni kosa kudhani kwamba kununua turubai ni kupata kivuli. Kitambaa ni sehemu ndogo ya gharama, nacho ndicho sehemu itakayokufa kwanza.

DAFTARI KABLA YA MAKADIRIO

Kazi ya kwanza ya katibu ni kufungua daftari la magunia yaliyolowa. Kwa msimu mmoja wa mvua aandike tarehe, idadi ya magunia yaliyopakiwa, idadi ya yaliyolowa, na bei iliyopungua kwa ajili hiyo. Aandike pia saa ambazo lori lilisimama likingojea mvua ikatike. Bila daftari hilo mkutano mkuu utajadili hofu, na hofu haina hesabu. Likiwapo, wanachama wataona kama hasara yao ni ya kujengewa kivuli au ni ya kununuliwa maturubai mawili ya kufunikia kwa mkono.

UZITO WA MAJI NA NGUVU YA UPEPO

Kivuli chenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6 kina eneo la mita za mraba 60. Mvua ya milimita 50 juu ya eneo hilo ni lita 3,000, yaani tani 3 za maji. Kitambaa kikiwa na mwinamo mzuri na kimekazwa sawasawa, maji hayo hutiririka na kwenda zake. Kikilegea na kufanya bonde, kila sentimita moja ya maji yaliyotuama huongeza kilo 10 katika kila mita ya mraba, mpaka mshono uachane au bomba lipinde. Mwinamo usiwekwe kwa kukisia.

Upepo ni hatari kubwa kuliko maji. Mwendo wake ukiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 72 kwa saa husukuma kwa kiasi cha kilo 25 katika kila mita ya mraba, na chini ya kivuli cha mita za mraba 60 msukumo huo hukaribia tani moja na nusu, ukikiinua juu. Basi nguzo haihitaji msingi wa kuizuia isizame tu, bali pia wa kuizuia isiruke. Nguzo sita zenye misingi ya zege ya sentimita 60 kwa 60, na kina cha sentimita 80, zina uzito wa zaidi ya tani 4 ardhini. Hiyo ni njia ya kufikiri. Vipimo vya kila mahali avitoe mhandisi.

Pwani ya Tanganyika ina jambo jingine la kukumbuka. Maji ya ziwa hupanda na kushuka kwa miaka, na kupanda kwake mwaka 2020 na 2021 kulifunika sehemu za ufuko wa Kigoma na Ujiji. Chama chenye ghala karibu na mwalo kichague vyuma vya kufungwa kwa bolti, si vya kuchomelewa vyote, ili kivuli kiweze kuhamishwa. Kadhalika kipate kwanza idhini ya mwenye ardhi na kibali cha halmashauri.

HESABU YA MFANO

Tarakimu zifuatazo ni za kufundishia tu. Bei za kweli zitoke kwenye ankara kifani za wauzaji wasiopungua watatu.

Mabomba ya chuma, kuchomelea na rangi: shilingi 5,400,000.
Saruji, kokoto, nondo na kuchimba misingi: 1,500,000.
Turubai zito na kushona: 3,000,000.
Usafiri na kufunga: 1,100,000.
Mchoro na ukaguzi wa mhandisi: 600,000.
Mifereji na mtaro wa maji: 400,000.
Jumla: 12,000,000.
Dharura, asilimia 10: 1,200,000.
Jumla kuu: 13,200,000.

Itazamwe kwamba kitambaa hakifiki robo ya jumla kuu. Chama kilichochangisha milioni 3 kwa sababu hiyo ndiyo bei ya turubai dukani kitabaki na turubai lililokunjwa ghalani, likiliwa na panya.

Mtaro usiachwe ili kupunguza gharama. Maji yaliyokingwa juu lazima yaende mahali, na yakimwagika mlangoni yataingia ghalani kwa chini. Kimo nacho kikadiriwe kwa lori lililopakiwa, si lori tupu. Lori lililojaa hufikia mita 4 na zaidi, na kivuli kilicho chini ya hapo kitapasuliwa siku ya kwanza.

Sasa gharama igawanywe kwa miaka. Ikiwa turubai litadumu miaka 6, na kulibadili kutagharimu 3,000,000 za kitambaa na 600,000 za fundi, ni shilingi 600,000 kwa mwaka. Vyuma na mengineyo, 10,200,000, vikidumu miaka 20, ni 510,000 kwa mwaka. Rangi, kamba na viraka vikiwekewa 290,000, jumla ni shilingi 1,400,000 kila mwaka.

Chama kinachopakia magunia 4,000 kwa mwaka kitakuwa kinalipa shilingi 350 kwa gunia. Gunia la maharage likiwa na bei ya shilingi 200,000, kivuli hicho kinajilipa kikiokoa magunia 7 tu. Lakini chama kinachopakia magunia 500 kitalipa shilingi 2,800 kwa gunia. Chama hicho kisione haya kusema kwamba hakina haja ya kujenga peke yake. Kinunue maturubai ya mkono, au kikubaliane na chama jirani kutumia mlango mmoja wa kupakilia na kugawana gharama kwa idadi ya magunia. Ushirika uliwekwa kwa mambo ya namna hiyo.

KITAMBAA CHA BEI NAFUU

Dukani kuna maturubai mepesi ya plastiki iliyofumwa, yenye bei ya kuvutia. Jua la Kigoma, mji ulio nyuzi 5 hivi kusini mwa Ikweta, hulila turubai la namna hiyo upesi. Likigharimu 600,000 na fundi 300,000, na kuchanika kila mwaka, chama kitakuwa kinatumia 900,000 kwa mwaka mahali pa 600,000 za turubai zito. Turubai la pamba nalo huoza likikunjwa bichi. Lililo imara ni la nyuzi za polisita lililopakwa plastiki pande zote mbili. Muuzaji aulizwe uzito wake kwa mita ya mraba na muda wa dhamana, naye ajibu kwa maandishi.

MFUKO WA TURUBAI

Wahenga walisema akiba haiozi. Turubai huoza. Mwaka wa kwanza wa kivuli ndio mwaka wa kuanza kuweka fedha za turubai la pili, wala si mwaka wa sita linapoanza kuvuja. Shilingi 600,000 za mfano ule ziwekwe katika akaunti ya peke yake, na katibu asome salio lake katika kila mkutano mkuu. Kwa kuwa bei hupanda, ankara mpya iombwe kila mwaka na mchango urekebishwe.

Makadirio yote yafikishwe kwenye mkutano mkuu, ambao ndio wenye mamlaka ya kuyapitisha chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013. Kama fedha ni za mkopo, zisivuke ukomo wa madeni ulioidhinishwa na Mrajis. Mkataba wa fundi, ankara na stakabadhi viwekwe katika jalada moja, tayari kwa mkaguzi.

Mkutano huo ufanyike mapema, ili ujenzi uangukie kiangazi. Kati ya Mei na Septemba zege hukauka vizuri, ila ndicho kipindi cha pepo kali za kusini juu ya ziwa. Kwa hiyo turubai litandikwe alfajiri, upepo ukiwa umetulia, na mafundi wasiliache nusu limefungwa wakaenda kula.

Mpagazi anayetoka na gunia la kilo 100 mgongoni, mvua inanyesha na sakafu inateleza, hamo katika hesabu hizi. Hatari yake haina safu katika daftari. Lakini mkutano mkuu utakapopima zile shilingi 350, umkumbuke naye.