Mwanafunzi Asiyesumbua

Walimu na wazazi, leo tumtazame mwanafunzi asiyesumbua mtu. Mtoro na mgomvi huonekana upesi. Anayenyamaza hupita tu, daftari la mahudhurio likisema yupo.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa nusu ya matatizo ya afya ya akili huanza kufikia miaka 14, umri wa kidato cha kwanza. Dalili? Usingizi umepotea, chakula hakipiti, alama zimeshuka, marafiki amewakimbia, tumbo linauma kila asubuhi ya shule. Zikidumu wiki mbili hivi, mwite pembeni. Muulize, kisha, na hapa ndipo wengi hushindwa, nyamaza umsikilize. “Jikaze” haimsaidii, fimbo ndiyo kabisa.

Akitaja kujidhuru, usimwahidi siri wala usimwache peke yake. Mpelekeni kituo cha afya. Simu ya watoto, namba 116, hupigwa bure Tanzania na Kenya.

Nanyi wakuu wa shule, mpeni mwalimu wa ushauri nasaha chumba chenye mlango. Kumhoji mtoto katikati ya ofisi ya walimu, chai ikinywewa, ni kumtangaza.