Wimbo wa Jembe



Katika nchi ya Mexico ziko nyimbo ziitwazo ranchera, yaani nyimbo za watu wa mashamba na ng'ombe. Mtungaji wao mkuu, José Alfredo Jiménez, aliyezaliwa mwaka 1926 akafa mwaka 1973, hakujua kupiga chombo cho chote cha muziki. Alipokuwa kijana alitumikia mezani mkahawani; nyimbo alizitunga kichwani, akaziimba, na wenye magita wakamfuata. Hata leo watu wa kwao huzitaja nyimbo hizo pamoja na jina lake.

Tulipoyasoma hayo tuliona haya, maana Usukumani, na hapa Bulyanhulu pia, watungaji wa namna hii si wageni. Kwa Kisukuma mtungaji huitwa ningi. Wazee husimulia habari za Ngika na Gumha, mahodari wa karne ya 19 walioshindana kwa ngoma na dawa. Wafuasi wa Ngika ndio Bagika, na wa Gumha ndio Bagalu. Baada ya mavuno pande mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, nao watazamaji hukimbilia huku na huku. Aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. (Mwalimu asifikiri kuwatuliza wanafunzi siku hiyo.)

Walakini ngoma ya uwanjani ilitoka kazini. Wako waliowinda nungu na kuimba wakiwinda, na nyimbo zao zikaingia shambani. Hapo wakulima hupanga mstari, ngoma kubwa zikalia, majembe yakainuka na kushuka pamoja. Ndiyo bugobogobo. Jembe hurushwa juu, likazunguka, likadakwa, na udongo usipumzike. Mwaka 2010 Mmarekani Frank Gunderson alitoa kitabu chenye nyimbo za kazi za Wasukuma zaidi ya 300. Twamshukuru, lakini ni nani wa kuziandika zilizobaki?

Sisi walimu tumekosa. Miaka mingi tuliwaambia watoto kwamba ngoma hizo ni za wasiosoma. Kisha tukamwendea mzee mmoja wa kijiji cha jirani, aliyesifiwa kwa utungaji. Tulimkuta kivulini, tukamwambia, "Guku, tuimbie, tuandike." Akatutazama, akasema, "Mwalimu, jembe liko wapi? Wimbo huu haukai kitini."

Tukarudi siku ya pili na wanafunzi 20, kila mmoja na jembe lake. Mzee akashika mwanzo wa mstari, akaimba, nasi tukaitikia tukipalilia mtama wake. Kwanza aliwataja waliomfundisha, mmoja mmoja, ndipo akajitaja mwenyewe. Wavulana wawili waliandika, wakipokezana penseli na jembe. Yako maneno ya zamani ambayo hata sisi hatukuyaelewa, akatufafanulia wakati wa kunywa maji. Jioni daftari lilikuwa na nyimbo 11. Akasema, "Hizi ni za palizi tu. Za kupura njoni kiangazi."

Kiangazi tulichelewa kwa ajili ya mitihani. Tulipofika tulikuta watu wamekaa matanga.

Daftari lingali shuleni, na kurasa za nyuma ni tupu. Msikilizaji ye yote aliyepura mtama pamoja na mzee huyo, na akumbukaye alivyoimba, twamwomba aje hapa shuleni siku yo yote baada ya masomo. Uwanja wa kupuria tunao, na fimbo tutatafuta.